Oaxaca: vyakula sita mjini au mole moja kijijini?

"Assalaam alaykum, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Toronto. Mwezi wa pili nakwenda Mexico na mume wangu, na siku nne kati ya hizo tutakuwa Oaxaca. Napenda kupika na nataka nijifunze chakula chao cha asili, hasa mole, ule mchuzi wao mzito. Nimepata madarasa mawili. La kwanza liko mjini, linachukua masaa matatu, vyakula sita, mwalimu anaongea Kiingereza. La pili liko kijiji cha Teotitlán del Valle, siku nzima, ila wanapika mole moja tu na tortilla, zile chapati za mahindi, na bei yake inakaribia mara mbili. Mume wangu anasema la kwanza ndilo lenye faida. Wasiwasi wangu ni huu: hatuli nguruwe, na nimesoma kwamba Mexico mafuta ya nguruwe yamo kila mahali. Pili, nina pumu, si kali, lakini moshi hunisumbua. Tatu, sijui Kihispania. Na je, nikirudi Toronto nitaweza kupika tortilla kwa sembe ninayonunua hapa?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Jibu la haraka ni kwamba uende kijijini, ila usilipe hata senti kabla hujatuma ujumbe nitakaokuandikia hapo chini. Mume wako hajakosea hesabu, vyakula sita kwa bei ndogo ni vingi. Swali la kumuuliza ni moja: kazi ya hivyo vyakula sita itakuwa imefanywa na nani kabla hamjafika? Mole na tortilla ni vyakula ambavyo ujuzi wake karibu wote uko kwenye maandalizi, na darasa likiwa fupi maandalizi ndiyo yanayokatwa kwanza.

Nikuonyeshe kwa mole yenyewe. Wengi wanaijua kama mchuzi wa chokoleti, na hapo ndipo wanapopotea. Mole ni ukoo mzima wa michuzi mizito. Watu wa Oaxaca huhesabu saba: negro, rojo, coloradito, amarillo, verde, chichilo na manchamanteles, ingawa majumbani zipo zaidi ya hizo. Chokoleti huingia kwenye negro na mara nyingi kwenye coloradito, tena kipande kidogo cha kusawazisha ukali na uchungu. Amarillo na chichilo hazina chokoleti. Zinashikwa na donge la mahindi. Na si lazima mole iwashe. Pilipili kavu kama ancho na guajillo zinatiwa kwa ajili ya rangi, utamu na uzito wa mchuzi.

Chukua coloradito ya watu wanane. Utahitaji ancho nane, guajillo sita, nyanya nusu kilo, kitunguu, kitunguu saumu, ufuta vijiko vitatu, konzi ya lozi, konzi ya zabibu kavu, nusu ya ndizi mzuzu iliyoiva, kipande cha mkate, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, punje chache za pilipili manga, na chokoleti kama gramu 40. Pilipili unazipasua, unatoa kikonyo, mbegu na ile mishipa myeupe ya ndani. Unazipitisha juu ya comal, yaani kikaango bapa cha udongo, sekunde 20 hadi 30 kila upande. Hapa ndipo pa kukaza macho: ikianza kunukia na kulainika, itoe. Ikiungua, uchungu wake hauondoki tena kwenye coloradito, hata utie sukari kiasi gani. (Mole negro ina sheria yake. Kule pilipili huchomwa hadi ziwe nyeusi kwa makusudi, kisha zikaloweshwa na kusuuzwa ili uchungu upungue.) Unaziloweka kwenye maji ya moto dakika 20 hadi 30. Wakati huo nyanya na vitunguu vinachomwa, na lozi, ufuta, zabibu, ndizi na mkate vinakaangwa kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kina muda wake. Ufuta unaungua wakati lozi bado mbichi, nao ukiungua umeharibu chungu kizima.

Kisha kusaga, kuchuja maganda ya pilipili, na kukaanga rojo la pilipili peke yake kwenye mafuta moto kwa dakika 10 hadi 15, ukikoroga bila kuacha. Ngoja kama unavyongoja sosi ya biriani: rangi ikolee, mafuta yajitenge na kuelea pembeni. Ukiongeza nyanya kabla ya hapo, mole itabaki na ladha ya pilipili mbichi. Baada ya nyanya yanafuata yale ya lozi na ufuta, halafu supu, na mwishoni chokoleti. Moto mdogo saa nzima. Chumvi itie mwisho, kwa sababu rojo linapungua na chumvi haipungui.

Jumlisha mwenyewe. Kwa mikono ya mgeni, hiyo ni kazi ya saa nne au tano. Darasa la masaa matatu lenye vyakula sita haliwezi kukupitisha humo, hata mwalimu awe hodari namna gani. Atatumia rojo lililosagwa tayari, wewe utalikoroga na kuonja. Huo si udanganyifu. Kama unachotaka ni kutembea sokoni, kutengeneza salsa mbili tatu, kuonja vitu vingi na kurudi hotelini mchana, la mjini ni zuri na pesa yako haitapotea. Ila wewe umeniandikia kwamba unataka kujifunza.

Sasa unga, maana umeuliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha upishi wote wa Mexico. Hapana, sembe haitakupa tortilla. Utaikanda, utaibonyeza, itapasuka pande zote na kukatika ukiinyanyua. Kosa halitakuwa la mikono yako. Ugali unashikana kwa sababu wanga umeivia ndani ya sufuria. Donge la sembe na maji halina kitu cha kulishika. Tortilla inatokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, yanayoitwa nixtamal.

Punje ya mahindi imevikwa ganda gumu ambalo maji matupu hayaliondoi. Maji ya chokaa yanayeyusha kile kinachoshikilia ganda, likatoka kwa kusugua tu. Kalisi ya chokaa inaingia ndani ya punje na kuimarisha mshikamano wake, na sehemu ya wanga inaiva huku nyingine ikibaki mbichi. Ukisaga mchanganyiko huo ukiwa na unyevu wake, unapata masa, donge laini linalotandazika bila kupasuka. Faida ya pili haionekani kwa macho. Vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili haupati nyingi, chokaa inaifungua. Ulaya ilipochukua mahindi kutoka Amerika iliacha chokaa nyuma, na maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa uji wa mahindi matupu wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Kusini mwa Marekani ugonjwa huo uliua watu wengi mwanzoni mwa karne ya 20. Kwetu nako mahindi yalifika bila chokaa. Maharage, dagaa na karanga tunazolia ugali ndizo zinazoziba pengo.

Vipimo ni hivi: mahindi makavu kilo 1, maji lita 3, chokaa ya chakula gramu 10, yaani asilimia moja ya uzito wa mahindi. Ni chokaa iliyozimwa, jamii moja na ile ya tambuu unayoijua Tanga, lakini nunua iliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Ya ujenzi usiiguse. Tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli, maana chokaa inakula aluminiamu. Pasha hadi vipovu vidogo vionekane pembeni, usiiache itokote, na uiweke hivyo dakika 30 hadi 45. Chukua punje moja, isugue: ganda liteleze. Ikate katikati: pembeni imelainika, ndani kuna kitone cheupe kikavu. Hapo zima moto, funika, acha hadi kesho yake, saa 8 hadi 12. Maji yatakuwa ya njano na yenye harufu ya udongo mbichi. Yamwage, suuza mahindi mara mbili tatu. Chokaa ikizidi, masa inakuwa ya njano sana na ina ladha ya sabuni. Mahindi yakiiva kupita kiasi, masa inanata mikononi kama gundi na hakuna dawa yake. Na mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa kwa ajili ya kupanda, usiyapike kamwe.

Ndiyo maana nakwambia uangalie jambo hili kwanza katika darasa lolote: je, wanaanza na mahindi au na unga wa mfuko? Kwa darasa la siku moja mahindi yatakuwa yamechemshwa jana yake, hilo halikwepeki. Lakini mwalimu mzuri atachemsha kidogo mbele yako ili uone na kunusa, kisha mtasuuza na kusaga yale ya jana. Na usishangae wala kuvunjika moyo mkienda kusagisha kwenye mashine ya kijiji. Wageni wengine hudhani hapo wamepunjwa. Akina mama wa vijijini wanapeleka ndoo za nixtamal mashineni kila siku, na jiwe la metate wanalitumia kumalizia masa au kusaga rojo. Ukipewa nafasi kwenye metate, piga magoti, sukuma kwa uzito wa mabega na mwili, usibane viganja, na uridhike na dakika 20. Ukizidisha, kesho hutainua mkono.

Kubonyeza tortilla utajifunza pale pale: kidonge cha gramu 30 hadi 35 kati ya karatasi mbili za plastiki, kipana kama sentimita 15. Kingo zikipasuka, masa ni kavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ikigandia plastiki, imelowa. Comal iwe ya moto kweli. Upande wa kwanza sekunde 15 hadi 20, geuza, upande wa pili karibu dakika moja, kisha rudisha wa kwanza. Hapo itafura, kwa sababu pande zote mbili zimeziba na mvuke wa katikati hauna pa kutokea. Isipofura, ama moto ni mdogo ama ulichelewa kuigeuza mara ya kwanza.

Nguruwe. Ulichosoma ni kweli kwa sehemu, na ni vizuri ujue yalipo mafuta hayo hasa. Yanaitwa manteca (siagi ni mantequilla, usizichanganye). Tortilla ya mahindi yenyewe haina mafuta yoyote: mahindi, chokaa, maji, basi. Mafuta ya nguruwe yako kwenye tamales (masa iliyofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke), ambako hupigwa pamoja na masa kwa wingi. Kwenye maharage ya kukaanga. Kwenye ukaangaji wa rojo la mole. Kwenye mikate mingine. Na kwenye kitu kinachoitwa asiento, mashapo ya mafuta ya nguruwe yanayopakwa juu ya memela na tlayuda, mikate bapa ya mahindi, kabla ya kitu kingine chochote. Hilo la mwisho ndilo linalowanasa wageni, kwa sababu mtu anaagiza tlayuda ya maharage na jibini akidhani ni ya mboga. Mole ya kununua sokoni kwa kilo nayo mara nyingi imekaangwa tayari kwa manteca, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Habari njema ni kwamba mole inakubali mafuta ya mimea bila kuharibika. Itapungua uzito kidogo mdomoni, na ufuta na lozi vitaziba sehemu kubwa ya hilo. Nyama ni suala jingine. Usitegemee kupata kuku wa kuchinjwa kihalali huko; omba mole ya mboga. Amarillo yenye viazi, maharage mabichi na chayote (mboga ya jamii ya boga) ni chakula chao wenyewe, hakuna atakayehisi umemharibia upishi. Supu iwe ya mboga pia, kwa sababu hapo kuku huingia kimyakimya. Mezcal, pombe yao kali, huletwa mezani kama ukarimu. Tabasamu na "gracias, no tomo" (asante, sinywi) vinatosha. Kuhusu vyungu na comal vilivyowahi kupikiwa nguruwe, naweza kukwambia kwamba viko karibu kila jiko na kwamba udongo usiopakwa unanyonya mafuta. Hukumu yake muulize shehe wako kabla ya safari, si siku ya darasa.

Pumu nayo naomba uichukulie kwa uzito zaidi ya ulivyoiandika. Pilipili zinapochomwa, ukali wake unapanda na moshi, na mtu mwenye mapafu mazima anakohoa. Kwa mwenye pumu unaweza kubana kifua ndani ya dakika. Kwa hiyo chagua coloradito au amarillo, achana na negro na chichilo ambazo pilipili na mbegu zake huunguzwa. Omba kuchomea kufanyike uani, wewe simama upande upepo unakotoka, au kaa mbali hadi kazi hiyo iishe. Utakuwa umekosa dakika kumi tu. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni, isibaki hotelini. Ukiwa mjini, kwenye soko la 20 de Noviembre kuna ujia wa nyama choma ambao moshi wake umetanda kutwa. Uuone kwa mbali. Nenda kwa daktari wako Toronto kabla ya kusafiri, umweleze utakachokwenda kufanya, akupangie dawa. Na kama wewe au mume wako ana mzio wa karanga, lozi au ufuta, nakushauri uache darasa la mole kabisa hadi daktari aseme, kwa sababu vitu hivyo vinasagwa kwenye mawe na mashine zile zile.

Jambo dogo lakini lenye maumivu: ukali wa pilipili uko zaidi kwenye ile mishipa myeupe kuliko kwenye mbegu, nao hauyeyuki kwa maji. Ukimaliza kuzisafisha, jipake mafuta ya kupikia mikononi, futa, kisha sabuni. Ukivaa lenzi za macho, siku hiyo vaa miwani.

Lugha isikuzuie. Teotitlán ni kijiji cha Wazapoteki, na hata Kihispania kwa wengi wao ni lugha ya pili. Mikono utaiona, ila sababu za mambo hutazisikia bila mkalimani, kwa hiyo hakikisha yupo siku nzima na si kwa safari ya gari tu. Tuma hivi:

"Buenas tardes. Somos musulmanes: no comemos puerco ni manteca de puerco y no tomamos alcohol. ¿Se puede preparar el mole con aceite vegetal y verduras, en una cazuela limpia? Tengo asma: ¿se tuestan los chiles al aire libre? ¿Trabajamos con nixtamal? ¿Cuántas personas hay en la clase? ¿Habrá intérprete todo el día?"

Yaani: sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala mafuta yake na hatunywi pombe, je, mole yaweza kupikwa kwa mafuta ya mimea na mboga, kwenye chungu safi, nina pumu, pilipili zinachomwa nje, tunaanza na nixtamal, darasani tuko wangapi, mkalimani atakuwapo siku nzima. Wakijibu swali kwa swali, lipa. Wakikujibu "hakuna shida" tupu kwa yote matano, uliza tena, na wakirudia, tafuta kwingine. Zaidi ya watu wanane kwa mwalimu mmoja, utakuwa mtazamaji.

Ratiba yenu ikiruhusu, wekeni darasa siku ya kwanza au ya pili, ili siku zinazobaki mnunue vitu mkijua mnachotafuta. Jumapili ni siku ya gulio kubwa la Tlacolula, ambalo liko bonde moja na Teotitlán. Ocotlán ni Ijumaa, Etla Jumatano. Pilipili kavu nzuri inakunjika bila kuvunjika na ina harufu ya tunda. Iliyokauka kama jani la muhogo imezeeka.

Mkirudi, mole ya kopo au mfuko iwe kwenye sanduku la chini, maana uwanja wa ndege wanaihesabu kama kimiminika. Tangaza kila chakula forodhani Canada, na angalia masharti yao ya karibuni kabla hujanunua jibini au chochote chenye nyama. Metate ni nzito na mpya inatoa mchanga hadi isagiwe mchele mkavu mara nyingi, Toronto hutaihitaji. Vyungu vya udongo vinavyong'aa visije jikoni kwako isipokuwa muuzaji anaweza kuthibitisha havina madini ya risasi, kwa sababu rangi ya kung'aa ya zamani ilitengenezwa kwa risasi na vyakula vyenye uchachu huitoa.

Na kwa tortilla za nyumbani, anza na unga wa nixtamal, masa harina, unaopatikana kwenye maduka ya Walatini: gramu 240 kwa maji ya vuguvugu karibu mililita 360, kanda, funika kwa kitambaa chenye unyevu dakika 20. Siku ukitaka kuchemsha mahindi mwenyewe, tafuta kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono na usage mara mbili. Blenda itakudai maji mengi, na masa itageuka uji.